Dokta Livingstone na Daftari Lake la Magazeti

Wanafunzi wenzangu, jina la Dokta David Livingstone si geni kwenu. Wengi wetu tulisimuliwa habari zake tulipokuwa madarasa ya chini: kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba aliichukia biashara ya watumwa, na kwamba alikufa akiwa amepiga magoti. Nami nilimjua hivyo tu, wala sikutaka kumjua zaidi, mpaka siku moja muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alipoingia darasani na karatasi mbili za peremende, zile zinazopitisha mwanga, moja nyekundu na moja ya buluu.

Alichukua kipande cha gazeti, akaandika maneno machache juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu, kukatisha mistari iliyopigwa chapa. Kisha akatupa zile karatasi za peremende tutazame kwa zamu. Ukitazama kwa karatasi nyekundu, maneno yake yalitoweka kabisa, likabaki gazeti tu na herufi zake nyeusi. Ukitazama kwa ile ya buluu, maneno yale yalirudi meusi tititi. Tulicheka kama watoto. Ndipo alipotuambia kwamba kwa werevu huo huo, ila kwa taa na kamera na kompyuta, wasomi walisoma daftari la Livingstone ambalo lilikuwa halisomeki kwa muda wa miaka 140. Kengele ikalia, tukatoka. Wengine walisahau, mimi sikuweza, nikaanza kutafuta habari za mtu huyu upya.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, nao wakaishi na watoto wao katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Katika mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na usiku alikwenda shule ya kiwandani. Sisi tunaolalamika juu ya masomo ya jioni tungefaa kunyamaza kidogo. Baadaye alijifunza uganga katika mji wa Glasgow, akaingia katika chama cha misioni cha London, na mwishoni mwa mwaka 1840 akapanda meli kuja Afrika ya Kusini.

Kazi ya kuhubiri peke yake haikumfaa sana. Kwa miaka yote aliyokaa miongoni mwa Watswana, mtu mashuhuri aliyembatiza ni mmoja, Mfalme Sechele wa Wakwena. Mwaka 1844 alishambuliwa na simba mahali paitwapo Mabotsa, mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko, wala haukuunga vizuri tena. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Bibi huyu alivumilia mengi. Alisafirishwa jangwani akiwa na mimba, alipelekwa Uingereza na watoto bila fedha za kutosha, na mwaka 1862 alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Mto Zambezi, alipokuja kumfuata mumewe. Katika hadithi tulizosimuliwa, mama huyu hakutajwa hata mara moja.

Kati ya mwaka 1853 na 1856 Livingstone alitembea toka nchi ya Wakololo mpaka Luanda, pwani ya magharibi, akarudi akavuka mpaka Quelimane, pwani ya mashariki. Njiani, Novemba 1855, alionyeshwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akayapa jina la malkia wake. Vitabu vingine husema kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuvuka Afrika namna hiyo. Sivyo. Wafanya biashara wawili wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walikwisha vuka mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Livingstone hajazaliwa. Lakini Livingstone alikwenda na vipimo vya nyota, akaandika kila kitu, na dunia humkumbuka yule anayeandika.

Safari yake ya pili, ile ya Zambezi toka 1858 hata 1864, sitaieleza sana. Meli zilikwama, mto ulizibwa na maporomoko, wenzake wakagombana, watu wengi wakafa. Lakini katika miaka hiyo aliwapata vijana wawili ambao tutawaona tena: Chuma, Myao aliyekombolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, na Susi, aliyeajiriwa Shupanga.

Sasa nafika mahali panapotuhusu sisi wa Juba. Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kwa mara ya mwisho, akashuka Mikindani, karibu na Mto Ruvuma. Alitumwa atafute mahali Mto Naili unapoanzia. Wazungu walikuwa wakibishana juu ya jambo hili kwa hasira nyingi. Wenyeji wa Gondokoro, hapo ng'ambo ya mto, waliwaona wengi wao kwa macho: Speke na Grant walifika hapo Februari 1863 wakitoka Nyanza, wakamkuta Samuel Baker akipanda mto kwenda kusini. Speke alisema kwamba Naili unatoka katika Nyanza, ziwa aliloliita Victoria. Livingstone hakusadiki. Alifikiri kwamba chanzo kiko mbali zaidi, kusini, na kwamba maji yake hupita katika mto mkubwa wa Lualaba, katika nchi ya Maniema, ambayo siku hizi ni sehemu ya mashariki ya Kongo.

Msafara wake ulivunjika vipande vipande. Askari wa Kihindi walirudishwa. Watu wa Nzwani walimkimbia, wakaenda Unguja kusema kwamba ameuawa. Januari 1867 wachukuzi wawili walitoroka na kasha la dawa, pamoja na kwinini yote. Tangu siku hiyo hakuwa mzima. Akawa hana budi kuwategemea wale wale aliowachukia, Waarabu na Waswahili wenye biashara ya pembe na watumwa. Alikula chakula chao, alifuatana na misafara yao, na alipougua walimbeba. Jambo hili lilimtesa moyoni, lakini hakuwa na njia nyingine. Katika Maniema alipata vidonda vya miguu, akalala miezi mingi kijijini Bambarre, akisoma Biblia toka mwanzo mpaka mwisho, mara nne.

Februari 1871 walimfikia watu kumi waliotumwa toka Unguja kumsaidia. Walikuwa watumwa wa Wabaniani, matajiri wa Kihindi wa Unguja, nao hawakutaka kwenda mbele ila kwa mshahara mkubwa zaidi. Livingstone aliwaandika vibaya sana. Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilijiuliza mara nyingi wao wangeandika nini juu yake, lakini hawakuwa na kalamu.

Naye kalamu alikuwa nayo, ila karatasi zilikuwa zimekwisha, na wino pia. Basi akachukua gazeti la London, Standard la Novemba 1869, akalikata kurasa, akaandika juu yake kwa kukatisha mistari ya chapa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mzingifuri, ule mti ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu iliyochanganyika na njano. Kwa wino huo na karatasi hizo aliandika habari za siku zake toka Machi 1871 na miezi iliyofuata. Mwishoni mwa Machi alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akakaa miezi mitatu na nusu akitafuta mitumbwi ya kuvukia, asipate.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Siku za soko watu walikuja kwa mamia, wengi wao wanawake, toka pande zote mbili za mto, na samaki, chumvi, vyungu, nguruwe na kuku. Livingstone alipenda kukaa hapo akitazama wakipatana bei. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya jua kali, watu wa mfanya biashara mmoja waliingia sokoni na bunduki, jambo ambalo si desturi. Wakaanza ugomvi juu ya kuku. Mara bunduki zikalia katikati ya soko, na wengine waliokuwa karibu na mitumbwi nao wakapiga. Wanawake walitupa vikapu wakakimbilia mtoni. Mitumbwi ilijaa, ikakwama, ikapinduka. Wengine waliogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukawachukua, vichwa vikazama kimoja baada ya kingine. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji risasi kwa bastola yake, akazuiwa. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuchomwa. Siku chache baadaye aliondoka, akaacha kutafuta mitumbwi, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na hana kitu.

Huko Ujiji ndiko Stanley alikomkuta, mwishoni mwa mwaka huo. Salamu ya Stanley inajulikana dunia nzima, nami siiandiki hapa, kwa kuwa kurasa za siku ile katika daftari la Stanley mwenyewe zimeng'olewa, na wanahistoria wengine wana shaka kama aliitamka. Walikwenda pamoja mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley akarudi pwani Machi 1872 na barua za mwenzake. Habari ya Nyangwe ilisomwa Uingereza, watu wakawaka hasira, na serikali ikamtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alikuwa ameshakufa mwanzoni mwa Mei mwaka huo, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, akiwa bado anatafuta chemchemi za Naili kati ya mabwawa. Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba pamoja na vitabu vyake na vipimo vyake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Walifika Februari 1874. Huko London daktari aliutambua mwili kwa ule mfupa uliovunjwa na simba. Akazikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Na mto je? Agosti 1874 Mwingereza mwingine, Cameron, alifika Nyangwe akapima kimo cha mahali. Aliona kwamba Lualaba pale Nyangwe uko chini kuliko Naili ulivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi maji yale aliyoyatazama Livingstone kwa miezi mitatu na nusu hayakufika kwetu hata tone moja. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto ule mpaka baharini upande wa magharibi, ikajulikana wazi kuwa ni Kongo. Speke ndiye aliyekuwa na haki. Nilipoyasoma hayo nilikwenda mtoni jioni nikatazama maji yakipita, nikamhurumia yule mzee.

Sasa turudi kwenye karatasi za peremende. Alipokuwa Unyanyembe mwaka 1872, Livingstone aliyanakili maandishi ya magazeti katika daftari zuri, kwa wino mzuri. Rafiki yake Horace Waller alichapisha habari za daftari hilo mwaka 1874, na hizo ndizo habari ambazo dunia imesoma. Yale magazeti yenyewe yaliwekwa Scotland. Wino wa mzingifuri ulififia, karatasi ikawa kahawia, na herufi za gazeti zikashinda mwandiko. Mtu akitazama aliona matangazo ya London ya mwaka 1869 na kivuli cha kitu kingine juu yake.

Mwaka 2010 mwalimu mmoja wa chuo kikuu aitwaye Adrian Wisnicki, pamoja na mafundi wa picha, walizipeleka karatasi hizo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Kila ukurasa uliwekwa chini ya kamera, chumba kikatiwa giza, ukaangazwa kwa rangi moja ya mwanga, ukapigwa picha. Kisha kwa rangi nyingine, ukapigwa tena. Hivyo hivyo mara zaidi ya kumi, toka mwanga ulio ng'ambo ya zambarau hata ule ulio ng'ambo ya nyekundu, ambao jicho letu haliuoni. Kwa mwanga wa buluu, wino wa mzingifuri huwa mweusi, kama yale maneno ya mwalimu wetu. Kwa mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu, wino huo hutoweka kabisa, lakini chapa ya gazeti, ambayo ni masizi, hubaki nyeusi. Basi kompyuta hufanya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua, hesabu ya kutoa. Picha ya kwanza ina gazeti na mwandiko. Ya pili ina gazeti tu. Toa ya pili katika ya kwanza, utabaki na mwandiko. Ilifanywa kwa kila nukta ya picha, na nukta ni mamilioni. Mwaka 2011 kazi ilitolewa hadharani.

Na nini kilionekana? Hapa ndipo nilipopata taabu. Walipolinganisha gazeti na daftari safi, wasomi waliona kwamba Livingstone hakunakili tu. Alibadilisha. Maneno yaliyoandikwa kwa haraka na kwa hofu yalitulizwa. Alipanga mambo ili yasomeke vizuri Uingereza. Na sehemu alizozibadilisha zaidi ni zile zinazowahusu watu wake mwenyewe, wale kumi wa Wabaniani: makosa yao mengine ya ukali yamo katika gazeti, lakini katika daftari safi hayamo. Wisnicki na wenzake wakahisi kwamba huenda baadhi ya watu hao walihusika katika mauaji ya Nyangwe, na kwamba Livingstone alilijua hilo au aliliogopa. Hawakusema kwamba ni hakika. Ni dalili, si ushahidi wa kumhukumu mtu.

Nilipowaeleza wenzangu bwenini, walikasirika. Mmoja alisema kwamba natia doa jina la mtu wa Mungu. Mwingine alisema kwamba ndivyo Wazungu walivyo wote. Sikubaliani na wote wawili. Mtu aliyekuwa mgonjwa, hana dawa, hana karatasi, ambaye kila jioni alikamua mbegu apate wino wa kuandika aliyoyaona, huyo namheshimu kuliko yule wa hadithi za darasa la chini. Lakini alipokuwa na nafasi ya kukaa na kufikiri, aliondoa jambo lililomwaibisha. Waliokufa Nyangwe walistahili maneno yote ya siku ile.

Mtambo wa Edinburgh ulikuwa mkubwa, wa kamera juu ya kiunzi na taa pande zote, na karatasi ilibidi iletwe kwake. Mwalimu wetu anasema kwamba siku hizi zipo kamera za namna hiyo zinazoweza kukaa katika kiganja cha mkono. Vichujio vidogo mno vimepangwa juu ya kile kipande kinachopokea mwanga, kila kimoja kikipitisha rangi yake, picha moja inapigwa kwa mara moja, na kompyuta inapiga hesabu ya kujaza rangi zilizokosekana katika kila nukta. Wakulima wa nchi nyingine huzifunga katika ndege ndogo zisizo na rubani, kwa maana jani lililo zima hurudisha sana ule mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu, na jani lenye ugonjwa hurudisha kidogo, hata kabla jicho halijaona tofauti. Nilimwuliza kama kamera ya namna hiyo ingeweza kusoma karatasi za kale. Alisema inaweza, ila itaona kwa ufundi mdogo kuliko mtambo mkubwa, kwa kuwa nukta nyingi ni za kukadiria.

Niliuliza kwa sababu ya nyaraka za serikali za zamani, barua na mafaili ya wilaya zetu, ambazo zilikaa miaka ndani ya hema hapa hapa Juba, zikipigwa na mvua na kuliwa na mchwa, kabla ya watu kuanza kuzipanga na kuzipiga picha. Humo mna wino uliofifia wa kila namna, na majina ya watu ambao wajukuu zao wamo katika shule hii.

Jumamosi iliyopita mwalimu alinifungulia katika kompyuta yake picha za daftari la Nyangwe, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama bure. Kurasa zile zilipakwa rangi za ajabu na mafundi ili mwandiko uonekane. Nyuma yake, kwa mbali, unaona bado habari za London. Mwandiko wenyewe ni mdogo sana, umebanwa mpaka ukingoni kwa kuogopa kupoteza karatasi. Nilikaa saa nzima, nikaweza kusoma mistari saba.